Onesimo: Jina la Mtu Aliyeambiwa Hafai



Wiki hii mama mmoja wa kanisa letu, aliyejaliwa mtoto wa kiume, alinipigia simu: "Pasta, babake anataka tumwite Onesmus, jina la babu. Maana yake ni nini? Nisije nikampa mtoto jina lenye mkosi." Nilimjibu kwa ufupi, lakini nikaona jibu lile ni la kwetu sote.

Fungua waraka wa Filemoni. Ni mistari 25 tu, utaumaliza kabla matatu haijakutoa Miritini kukufikisha Changamwe.

Onesimo ni jina la Kiyunani, na shina lake ni neno lenye maana ya faida au manufaa. Kwa Kiswahili ungesema "Mwenye kufaa." Lakini usiseme amina haraka. Katika dola ya Kirumi hili lilikuwa jina la watumwa. Mtu alinunua binadamu mwenzake sokoni, akamwita kulingana na alichotaka kupata kwake. Ilikuwa ni kama bei iliyobandikwa kwenye mzigo. Nasi watu wa Pwani tunaijua habari hiyo. Watumwa wengi waliopita hapa waliitwa Mabruki, Baraka, Feruzi. Majina matamu, shingo zenye minyororo.

Basi huyu Mwenye kufaa akaachana na bwana wake, na kwa hesabu za bwana wake akawa hasara tupu. Akakutana na Paulo kifungoni, akaokoka. Sasa tazama mstari wa 11. Paulo analichezea jina lile: zamani huyu hakukufaa, leo anatufaa sisi sote wawili. Mstari wa 16 anamwita ndugu mpendwa. Mstari wa 18 anasema kama kuna deni, liandikwe juu yake Paulo. Ona, mpendwa! Jina halikubadilishwa. Aliyebadilika ni mwenye jina, na kufaa kwake hakupimwi tena kwa faida ya aliyemnunua.

Usidhani haya ni ya Kolosai peke yake. Panda barabara ya Nairobi, ukifika Mazeras kata kulia, utafika Rabai. Katika miaka ya 1880 watumwa watoro walikimbilia misheni ile kwa mamia. Aliyewapokea ni William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe, akakombolewa na kusomeshwa India. Wenye watumwa walidai watu wao warudishwe, na ugomvi ukawa mkubwa. Tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa wenye madai, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa karatasi za uhuru. Kampuni ilikuwa na hesabu zake, hilo najua. Lakini yule aliyeshika karatasi mkononi alielewa jambo moja: deni langu limelipwa, na sikulilipa mimi.

Ngoja nikupe na mwingine. Mwaka 1706, huko Boston, Marekani, waumini walimnunulia mchungaji wao Cotton Mather mtumwa Mwafrika, naye akamwita Onesimus. Mtu huyu ndiye aliyemweleza Mather jinsi kwao Afrika walivyokuwa wakimkinga mtu na ndui, kwa kumtia kidogo cha usaha wa ugonjwa ule chini ya ngozi. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, iliua watu zaidi ya 800. Daktari Zabdiel Boylston akaijaribu njia ile kwa watu zaidi ya 240, wakafa 6 tu. Mji uliomwita mtumwa ulifaidi maarifa yake.

Sasa nizungumze na wewe. Nilipokuwa darasa la saba, mwalimu mmoja aliniambia mbele ya wenzangu kwamba mimi sifai hata kuchunga mbuzi. Neno lile nilitembea nalo miaka. Na leo hapa Miritini nakutana na vijana waliobeba neno lilo hilo. Kazi ya malori ilipokwisha wakaambiwa hawafai. Aliyerudi kutoka jela, hafai. Binti aliyezalia nyumbani, hafai. Tunawapima kama walivyopimwa sokoni: wataleta kiasi gani?

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Paulo alimfaa Onesimo kwanza, katika dhiki, kabla ya kusema neno lolote kuhusu Onesimo kumfaa mtu. Mpango ni huo. Mtu hupendwa kwanza, kufaa kunafuata.

Kwa hiyo mama, mwite mtoto Onesmus bila hofu. Lakini siku atakapovunja sahani, au atakapoanguka mtihani, usimwite kinyume cha jina lake.

Na wewe unayesoma, kuna mtu mmoja umemfuta moyoni mwako kwa neno "hafai." Mpigie leo. Usimdai chochote. Mwambie tu, karibu nyumbani.

Tuombe: Baba, ondoa juu yetu kila jina la bei tuliyobandikwa na wanadamu. Deni letu limelipwa msalabani. Tufanye watu wa kufaa, na utupe macho ya kumwona ndugu pale wengine wanapoona hasara. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika Amina. Tuonane Jumapili. Shalom.