Barua kwa Mpwa Wangu wa Mlingotini

Dunda, Bagamoyo

Mpwa wangu mpenzi,

 

Mama yako amenipa habari zako. Sabuni yako ya mwani imetoka Mlingotini, imefika Bunju na Tegeta, na sasa kuna mwenye duka anayetaka katoni kila mwezi ila anadai risiti na namba ya mlipakodi, yaani TIN. Nimesikia pia kwamba wenzako wanakushauri ukae kimya, kwa kuwa ukishaandikwa serikalini hutatoka tena. Nakuomba usimjibu mwenye duka kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho.

Woga wa wenzako naufahamu, wala siwalaumu. Pwani hii imeonja kodi ya mabavu. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipokuja kushika forodha na kuwataka wenye ardhi waonyeshe hati, pwani iliwaka moto kuanzia Pangani hadi hapa Bagamoyo, na Bushiri bin Salim aliyeongoza mapambano hayo akaishia kitanzini Desemba 1889. Miaka michache baadaye ikaja kodi ya nyumba. Kodi ya kichwa tuliyoishuhudia sisi kwa macho yetu ni ile iliyorudi mwaka 1984 kwa jina la kodi ya maendeleo. Vijana walikuwa wakilala mikokoni wakisikia mgambo wanapita. Ilifutwa mwaka 2003, lakini hofu yake haikufutwa, nanyi mliozaliwa baadaye mmeirithi pamoja na mashamba. Kodi ile ilimdai mtu kwa kuwa yu hai tu, awe nacho asiwe nacho. Ya biashara ndogo inahesabiwa kwa ulichouza, na anayejua alichouza ni wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Hapo ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini.

Nunua daftari leo, kabla ya TIN na kabla ya leseni. Kila siku andika ulichouza, umemuuzia nani, kwa bei gani. Ukurasa wa pili andika ulichonunua: mafuta ya nazi, kostiki, vifungashio, nauli ya daladala. Najua fedha yenu huja kwa bamvua, maji mafu yakiingia mikono inakauka, lakini daftari lisifuate bahari. Andika kila siku, hata siku ambayo hukuuza kitu.

Sababu yake ni hii. Sheria yetu ya kodi ya mapato inamtoza mfanyabiashara mdogo, mtu binafsi, kwa mauzo ghafi ya mwaka, na inamtofautisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Nakupa viwango vilivyopitishwa na Sheria ya Fedha ya 2022. Mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi ya mapato. Kutoka milioni 4 hadi 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, mwenye nazo analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kutoka milioni 7 hadi 11, asiye nazo analipa 250,000, mwenye nazo analipa 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Sasa piga hesabu yako. Ukiuza sabuni za milioni 5 kwa mwaka, ukiwa na daftari kodi yako ni 30,000. Bila daftari ni 100,000. Ukifika milioni 8, daftari linakuweka kwenye 120,000, na pasipo daftari ni 250,000. Hakuna mteja wala mfadhili atakayekupa tofauti hiyo kwa kalamu na karatasi tu. Na usisahau kwamba ni mauzo ghafi, si faida. Wengi wanakosea hapo: wanatoa kwanza gharama za mafuta na nauli ndipo wanahesabu, kisha wanashangaa dirishani kwa Mamlaka ya Mapato, TRA.

Ukivuka milioni 11 kumbukumbu si hiari tena. Kodi inakuwa asilimia 3.5 ya mauzo, na utahitaji mashine ya EFD ya kutolea risiti. Kabla ya hapo risiti ya kitabu, ya kuandika kwa mkono, inatosha, na nakala yake ibaki kwako. Mambo ya kodi ya ongezeko la thamani, VAT, yaache kwanza, maana tangu Julai 2023 yanaanzia mauzo ya milioni 200. Viwango hivi huguswa Bungeni wakati wa bajeti, kwa hiyo kila Julai pita TRA uulize upya.

TIN ni bure. Anayekuomba fedha ili akupatie anakula jasho lako, hata kama amevaa tai. Unahitaji namba yako ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, na sheria inataka uombe ndani ya siku 15 tangu uanze biashara, nawe umeshaanza, kwa hiyo usikawie. TRA pia watakufanyia makadirio ya kodi. Nenda na daftari, na usitaje mauzo makubwa ili uonekane mtu mbele ya karani, wala usitaje madogo yasiyolingana na katoni unazopeleka Tegeta. Kodi yenyewe hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na hulipwa kwa kontrol namba, benki au kwa simu. Usimpe mtu yeyote taslimu mkononi, na usilitupe daftari lililojaa. Sheria inataka kumbukumbu zikae miaka 5.

Kuhusu jina. Ukiuza kwa jina lako mwenyewe bila kuongeza neno, hulazimiki kulisajili. Ukitaka lile jina zuri ulilolibandika kwenye sabuni, lisajili kwa mtandao BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ada ni ndogo, na hata benki wakati wa kufungua akaunti ya biashara watakuuliza cheti chake. Usidanganywe ukafungue kampuni kwa sasa. Kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida na hesabu zake zinataka mhasibu aliyeidhinishwa, na ile nafuu ya mauzo madogo niliyokueleza ni ya mtu binafsi tu.

Na hapa naomba nikuambie kama mjomba aliyekushika ungali mchanga. Andikisha kwa jina lako. Usiandike jina la mume, wala la kaka, wala langu mimi. Nimewaona wanawake wa Kaole na Kondo waliosimama majini miaka na miaka wakifunga tai-tai, vile vikamba vya mwani, na siku ya mirathi au talaka karatasi zote zikawa na jina la mwanamume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake sawasawa na mwanamume. Lakini haki hiyo inataka karatasi ya kuishika mkononi. Mumeo ni mtu mwema, nami nampenda. Mweleze kwa upole, ataelewa.

Leseni utaiomba halmashauri kwa mfumo wa TAUSI, ukishakuwa na TIN na cheti cha uthibitisho wa kodi. Sabuni nayo ni ya ngozi, yaani kipodozi, na tangu 2019 vipodozi na vyakula vimehamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Usiende TBS moja kwa moja. Pitia kwanza shirika la viwanda vidogo, SIDO, mkoani, Kibaha, uombe barua ya utambulisho, maana wajasiriamali wadogo wanaoletwa na SIDO hupunguziwa mzigo wa gharama za alama ya ubora. Watakuja kuangalia unapopikia. Ondoa ndoo za kostiki jikoni kwa mama yako kabla hawajakuambia wao, watoto wanapita pale.

Kama mtaungana wanawake kadhaa, kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi bila riba: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Kikundi kinasajiliwa kwa afisa maendeleo ya jamii. Chagueni watu mnaoaminiana, kwa sababu deni ni la wote.

Basi mjibu mwenye duka kwamba utampa TIN wiki ijayo, na kwamba bei yako utaipanga upya ukiihesabia kodi. TRA wapo hapa mjini. Njoo asubuhi, uje na daftari na kitambulisho cha NIDA, mimi nitakusindikiza hadi dirishani ila kusema utasema mwenyewe.

Msalimie mama yako na wote wa hapo nyumbani.

Wasalaam,
Mjomba wako