Kitabu na Jirani Wakati wa Masika

Twasikia kwamba katika nchi za baridi theluji huwafungia watu majumbani mwao. Sisi wa Nyabusozi, wilayani Biharamulo, hatuijui theluji, bali tunayo masika, tangu Machi hata Mei. Mvua ikishika, njia za vilimani huteleza, mabonde hujaa maji, na jirani wa ng'ambo, ambaye moshi wa jiko lake wauona, huwa kama mtu wa mji mwingine.

Siku hizo ndizo za kusoma, na kwa kuwa vitabu ni vichache, huazimana. Mimi ninayo Qurani Takatifu, tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy iliyotoka kamili mwaka 1969. Masika moja jirani yangu alikiazima kitabu hicho, kikarudi kimelowa, kurasa zimefura. Nilighadhibika. Alipokuja kukiomba tena, nilimjibu kwamba wanafunzi wanakisoma. Na haikuwa kweli. Akaenda zake katika mvua, asirudi.

Zikapita wiki tatu. Usiku mmoja nikiwasomesha watoto Suratul Maa'un, sura ya 107, nilifika mwisho wake, hapo wanapolaumiwa wale wawanyimao wenzao hata vitu vidogo vya kusaidiana. Ulimi ukawa mzito.

Asubuhi nilikifunga kitabu katika mfuko wa nailoni, nikavuka bonde. Nikamkuta kitandani, siku ya 8 ya homa, na mkewe hana wa kumtuma. Sikuwa na habari, kwani kitabu ndicho kilichokuwa kikituletea habari: ajaye kukichukua huuliza hali, na ajaye kukirudisha huuliza tena. Nilipokizuia, niliyazuia yote mawili. Tukamchukua zahanati kwa machela, na Alhamdulillahi akapona. Habari ya kurasa zile hakuna aliyeitaja.

Basi enyi vijana, azimeni na mwazimishe. Andikeni jina la mwazimaji na siku katika daftari, kwani hata deni twaamrishwa kuliandika. Kitabu kifungwe kisilowe, kisiwekwe chini kikaliwa na mchwa, ni amana. Lakini kikiharibika, kumbukeni kwamba karatasi hukaushwa juani, na jirani akivunjika moyo hurudi kwa taabu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa majirani wema. Amin.