Kutoka Wazo hadi Kaole: Jiwe, Moto na Roho ya Mchimbaji

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, akikaribia Tegeta, huuona upande wa bara mlima wa Wazo uliochongwa kwa miaka mingi. Mawe yake ya chokaa yalikuwa matumbawe ya bahari zama za kale. Kiwanda kilichoanza mwaka 1966 huyasaga na kuyachoma kuwa saruji.

Tulipopita hapo, mwanangu aliuliza: “Baba, moto wa kuchoma jiwe unatoka wapi?” Nikamwambia kuwa gesi ya Songosongo hufika hapa kwa bomba, na kwamba viwanda vya saruji nchini hutumia pia makaa ya mawe ya kusini. Akataka kujua makaa hayo hupatikanaje.

Ngaka, mkoani Ruvuma, hufukuliwa juu ya ardhi. Lakini Kiwira, katika mgodi ulioanza mwaka 1988 kwa msaada wa China, wachimbaji waliingia chini ya ardhi. Katika migodi ya namna hiyo paa huweza kuporomoka, na gesi ya methani huweza kulipuka kwa cheche moja.

Wenzetu wa Australia, katika mgodi wa Grosvenor, jimbo la Queensland, walichimba njia za kuteremkia kwenye makaa kwa mtambo wa kuchimba handaki. Uso wake ni duara la chuma lenye visahani vigumu. Huzunguka na kuvunja mwamba, na kifusi hurudishwa nyuma kwa mkanda. Watu hufanya kazi wakiwa ndani ya ngao ya chuma, na handaki huimarishwa nyuma yao. Mtambo huo haukati makaa yenyewe. Hufungua njia tu, na gharama yake ni kubwa mno kwa mgodi mdogo.

Hata hivyo, mwaka 2020 gesi ililipuka katika mgodi huohuo, na wafanyakazi watano wakaungua vibaya. Chuma kilifungua njia salama, lakini hakikuondoa wajibu wa kupima hewa kila saa na kusimamisha kazi hatari inapoonekana, hata kama hasara itapatikana.

Adhuhuri ilitukuta Kaole. Tulisimama mbele ya magofu ya msikiti uliojengwa kwa matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita. Majina ya waliokata mawe yale hatuyajui, ila Mola wao anayajua. Nikawakumbusha watoto Suratul Maida, aya ya 32, na uzito iliyoipa nafsi moja.

Ndugu zangu, tunajenga nyumba na misikiti kwa saruji, na tunauliza bei ya mfuko. Ni haki yetu pia kuuliza usalama wa aliyeshuka gizani kwa ajili yake. Mwenye mgodi amebeba amana ya roho za watu, naye ataulizwa juu yake. Tuliswali, tukawaombea waliotangulia na walio chini ya ardhi wakitafuta riziki ya halali.