Kete Zenye Tabia: Mvuto wa Archon

Sataranji ina amri moja isiyohojiwa na mchezaji yeyote: kete ikishatua juu ya kete ya adui, adui hana la kusema. Askari aliye dhaifu kuliko wote humwondoa malkia ubaoni, mradi ameweza kufika alipo. Mnamo 1983 kampuni ya Electronic Arts ya Marekani ilitoa mchezo wa tarakilishi uitwao Archon, uliobuniwa na Jon Freeman kwa ushirikiano na Paul Reiche III, na kuandikiwa programu na Anne Westfall. Mchezo huo uliitengua amri hiyo. Kila kinachovutia ndani yake chatokana na utenguzi huo mmoja.

Ubao wa Archon una miraba 81, na kila upande una kete 18. Kete ya Nuru inapoivamia kete ya Giza, ubao hutoweka, na viumbe wawili hao hujikuta peke yao uwanjani, wakiongozwa na vidole vya wachezaji. Mvamizi aweza kufa. Akishinda, hurudi ubaoni na majeraha yake, ambayo hayaponi kwa siku moja. Katika sataranji, taharuki huishia pale uamuzi unapofanywa. Hapa uamuzi ni mwanzo wa kisa.

Huenda ikadaiwa kuwa fantasia katika michezo ya namna hii ni rangi tu iliyopakwa juu ya hesabu. Dai hilo lina mashiko kuhusu michezo mingi, lakini si kuhusu Archon. Kete 64 za bao la Kiswahili hazina nafsi. Zote ni sawa, na utamu wa bao umo katika akili ya anayezisambaza mashimoni. Kete za Archon ni wahusika. Joka hutema moto kutoka mbali, ilhali shujaa mwenye upanga sharti amkaribie adui hadi pumzi zao zikutane. Banshee, yule pepo wa kike wa masimulizi ya Ayalandi, silaha yake ni kilio. Tena yupo kiumbe mgeuka-umbo, asiye na sura wala nguvu zake mwenyewe: huchukua umbo na uwezo wa yeyote anayepambana naye. Anayempelekea jini atapigana na jini. Kwa hiyo mwenye busara humpelekea mnyonge. Hilo ni shauri la kivita, na papo hapo ni ngano kamili. Haiwezekani kuvitenga viwili hivyo. Wanafunzi wa fasihi waliozoea kuambiwa kwamba mhusika ni matendo yake hawatapata mfano ulio bayana zaidi.

Wakati nao ni mhusika. Baadhi ya miraba hubadilika hatua kwa hatua kutoka weusi hadi weupe na kurudi, na kete iliyo kwenye rangi ya upande wake huongezewa uhai. Shambulio ambalo sasa ni wazimu, baada ya zamu kadhaa laweza kuwa hekima. Kiongozi wa kila upande ana mizungu saba, na kila mmoja hutumika mara moja tu. Mmojawapo hugeuza mkondo wa wakati, mwingine humfufua aliyekufa. Wachezaji wengi huuhifadhi huo wa kufufua kwa uchoyo mkubwa, hata kiongozi wao akauawa nao haujatumika.

Kasoro ya Archon imo katika majina. Kanuni haziupendelei upande wowote: anayeketi upande wa Giza hakuti humo uovu wowote uliotungiwa sheria. Hata hivyo, Nuru inaongozwa na mwanamume na Giza na mwanamke, na msomaji wa Kiafrika, ambaye ameona mara nyingi weusi ukipewa kazi ya ubaya katika maandishi ya wengine, ana haki ya kuuliza ni kwa nini. Mfasiri wa Kiswahili angekabiliwa na mtihani mkubwa zaidi, kwani akiandika mganga na mchawi atakuwa amekwisha kutoa hukumu ambayo kanuni zenyewe hazikuitoa. Jini amewekwa upande wa Nuru na kupewa kimbunga kuwa silaha. Mswahili, anayejua kuwa majini wako wema na waovu, angeshangaa kumwona amefungiwa upande mmoja.

Lipo pia lalamiko la mabingwa wa sataranji, kwamba ukumbi wa mapambano huikabidhi akili kwa vidole. Ni kweli kwamba kijana mwepesi wa mkono humshinda mzee mwenye mpango bora. Lakini upo ushindi usiohitaji kuwamaliza maadui: anayekalia vituo vyote vitano vya nguvu ameshinda papo hapo. Mara nyingi mzee huviendea hivyo taratibu, kimojakimoja, huku kijana akifurahia vita vyake pembeni mwa ubao.