Mahali Pake

Walimu wenzangu, kila mwaka nifundishapo ngeli za mahali huanza kwa mfano ule ule. Huandika ubaoni: pale, kule, mle, kisha nikaeleza kwamba PA ni ya mahali dhahiri, KU ni ya mahali pasipo dhahiri, na MU ni ya ndani. Wanafunzi hunakili, kengele hulia, nasi huagana. Nimeifanya kazi hiyo hapa Jinja kwa muda wa miaka ishirini, tangu nilipopata stashahada ya ualimu, na nilikuwa nikijiona kuwa somo hilo nalifahamu barabara. Aliyenionyesha kwamba sikulifahamu ni paka.

Nyumba yetu imo katika mtaa wa Walukuba, nayo ina vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja ni changu na mke wangu. Cha pili ni cha wanangu watatu, wavulana. Mapema mwaka 2018, watu wengi wa Ituri walipokuwa wakivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kuyakimbia mauaji, mpwa wa mke wangu alikuwa miongoni mwao. Mke wangu ni Mwaluri wa Nebbi, na Waaluri hawakuulizwa neno siku mpaka ulipochorwa. Baadhi ya jamaa zake wako Uganda na baadhi wako Kongo. Binti huyo alikuwa na umri wa miaka kumi. Mamaye hakuwa pamoja naye, wala hatujapata habari zake hadi leo.

Tulimpokea kwa mikono miwili. Hakukosa chakula wala sare ya shule. Usiku alilala sebuleni juu ya godoro ambalo lilikunjwa alfajiri. Mfuko wake uliwekwa nyuma ya mlango. Akija mgeni, ulihamishiwa jikoni. Jikoni pakijaa, ulirudishwa nyuma ya mlango. Mimi sikuona kasoro yoyote. Nilijisemea kwamba nyumba nzima ni yake, basi ana haja gani ya pembe moja?

Hakuwa msemaji. Nami, kwa desturi mbaya ya kazi yetu, nilimzidishia ukimya. Kiswahili chake kilikuwa cha Bunia, na kila alipofungua kinywa nilikuwa na la kusahihisha. Hata siku moja akaingia akiwa amempakata paka mdogo wa rangi ya kijivu aliyemwokota karibu na soko, akaniambia, “Baba mudogo, hii ni paka yangu.” Sikumtazama paka, wala sikuutazama uso wa mtoto. Nilisikia upatanisho tu. “Huyu ni paka wangu,” nikamsahihisha. Akanikodolea macho, akamkumbatia paka kwa nguvu zaidi, akajibu polepole, “Hapana, baba. Ni yangu.”

Mke wangu alicheka hadi akaketi chini. Mimi nilicheka baadaye.

Paka alikubaliwa kukaa kwa sababu moja tu: panya walikuwa wamezoea kula karatasi zangu za mitihani. Akaitwa Kijivu. Lakini haukupita mwezi nikaona kwamba hasara ya paka imezidi ile ya panya. Wavulana walimvuta kutoka kila alikojificha: chini ya kiti, nyuma ya gunia la mahindi, ndani ya kapu la nguo. Alipolala hapa alifukuzwa; alipohamia pale alikanyagwa mkia. Akaanza kukwaruza watu na kujisaidia popote. Siku alipoulowesha mkojo mtungo mzima wa karatasi za kidato cha pili, nilimshika shingoni nikaelekea mlangoni.

“Mwalimu,” mke wangu akaniita kwa utaratibu, “huyu unamfukuza kila anapokaa. Je, umekwisha kumwonyesha pa kukaa?”

Sikuwa na jibu. Nikamweka chini paka, na kesho yake nikamwendea daktari wa mifugo.

Daktari yule alinieleza mambo ambayo huenda yakamfaa kila mwenye paka. Paka ni mwindaji, lakini kwa udogo wake yeye pia huwindwa na wanyama wakubwa. Kwa hiyo hutafuta mahali palipoinuka na palipofunikwa, awezapo kuona asionekane. Hulala nusu ya siku au zaidi, na akikosa mahali pa salama pa kulala huwa na hofu, na hofu hiyo ndiyo sisi tunayoiita ukorofi. Chakula na maji viwekwe mbali na mchanga wake wa haja, kwa kuwa hapendi kula karibu na anapojisaidia. Mchanga wenyewe uzolewe kila siku. Na kubwa kuliko yote, akiingia mahali pake asiguswe na mtu.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, huko Uholanzi, walichapisha uchunguzi wao juu ya paka 19 waliokuwa wameletwa hivi karibuni katika nyumba ya kutunzia wanyama. Kumi walipewa masanduku ya kujifichia na tisa hawakupewa. Waliopewa masanduku walituliza hofu na kuyazoea makazi mapya upesi kuliko wenzao. Nilipousoma uchunguzi huo nilifikiri juu ya paka peke yake.

Nikatafuta kasha la mbao, nikakata tundu upande mmoja, nikatandika kipande cha blanketi, nikaliweka juu ya rafu katika pembe ya sebule. Kisha nikatangaza sheria mbele ya watu wote wa nyumbani: mtu yeyote asitie mkono katika kasha la Kijivu, liwalo na liwe, atakayeivunja amri hiyo ataosha vyombo wiki nzima. Mwanangu mdogo aliosha vyombo wiki ya kwanza. Baada ya hapo sheria ikashika.

Siku chache hazikupita Kijivu akawa paka mwingine. Alijua mchanga wake, akaacha kukwaruza. Ajabu ni kwamba yule aliyekuwa akiwakimbia wavulana sasa aliwajia mwenyewe. Kwa kuwa aliweza kuondoka apendapo, hakuwa tena na sababu ya kukimbia.

Jioni moja ya mwezi wa Desemba nililishusha kasha ili blanketi lifuliwe. Chini ya blanketi palikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na picha ya mwanamke, iliyokunjwa mara nne, na kitambaa cha kichwa. Niliitambua sura ile, kwani ilifanana na ya mke wangu. Binti alikuwa amesimama nyuma yangu.

“Mbona umeviweka humu?” nikamwuliza.

Akainamisha kichwa, akasema, “Humu hakuna mutu anatiaka mukono.”

Kwa mara ya kwanza sikuwa na la kusahihisha. Niliufunga mfuko kama ulivyokuwa, nikaurudisha.

Usiku ule sikupata usingizi. Tangu mtoto yule aje ilikuwa yapata miezi kumi, na katika nyumba yangu palikuwapo mahali pamoja tu palipolindwa kwa sheria, napo palikuwa pa paka. Sarufi yetu humpa paka upatanisho wa viumbe, sawa na mtu. Nami nilikuwa nimefika mbali zaidi, nikampa paka kile ambacho mtu hakupewa. Tulipomwambia binti kwamba nyumba yote ni yake, tulikuwa hatujamgawia hata shubiri moja.

Juma lililofuata nilimwita seremala. Tuliigawa sebule kwa ubao na pazia, na viti vyangu vikubwa vya wageni, nilivyokuwa nikijivunia, nikaviuza ili kitanda kipate kuingia. Siku hizi wageni wetu huketi kwa kubanana. Binti alipewa kabati dogo, na ufunguo wa kabati hilo akakabidhiwa yeye mwenyewe. Wavulana walisomewa sheria ile ile ya kasha. Sitadai kwamba aligeuka msemaji. Lakini katika wiki ya tatu alikuja kuniomba msumari na nyundo, na tangu siku hiyo picha ya mamaye iko ukutani, mikunjo yake ikionekana. Sasa yuko shule ya sekondari. Nyumbani huzungumza Kiswahili cha Bunia apendavyo, nami nimejifunza kusikiliza kwanza. Kijivu naye amezeeka, na kasha lake lipo pale pale.

Nifundishapo ngeli za mahali siku hizi, humwomba kila mwanafunzi aandike sentensi tatu kuhusu mahali pake nyumbani: moja ya PA, moja ya KU, moja ya MU. Wengi huandika upesi. Mwaka jana mmoja alileta karatasi tupu. Zamani ningempa sifuri. Safari hii nilimwita tukazungumza baada ya masomo.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nami kwa adabu ningependa kuongeza: na pa kuliweka jembe lake.