Oili Niliyomwaga Ilirudi Ikanipata Kitandani

Nilimwaga oili chafu kwa mtaro karibu mwaka mzima. Sikuacha kwa sababu nilisoma kitu mahali. Niliacha kwa sababu ilirudi ikanipata kitandani.

Nilipotoka chuo 2023 bila karatasi yoyote, nilikuwa na simu iliyopasuka kioo na mpango wa kutengeneza video. Video hazikuwa zinalipa kodi ya nyumba (bado, endeleeni kutazama). Anko wangu ana gereji Kariobangi. Nasema gereji kwa heshima tu: ni mabati, benchi moja, na nafasi ya nduthi sita na Probox moja zikibanana. Akaniambia njoo ushike spana huku ukifikiria maisha.

Kitu cha kwanza unafundishwa ni kubadilisha oili. Unawasha injini kidogo ili oili ipate joto iwe nyepesi, unakinga karai, unafungua nati ya chini, inashuka nyeusi kama strungi iliyosahauliwa kwa jiko. Unafunga, unamimina mpya, jamaa analipa, anaenda. Dakika kumi na tano.

Halafu karai linabaki. Hapo hakuna mtu alinifundisha, niliangalia tu wengine wanafanya nini. Kama kuna mtu amekuja na kikopo akiomba ya kupaka nguzo za ua ili mchwa wasile, anapewa. Kama kuna wa kupaka cheni, anapewa. Ile imebaki inaenda kwa mtaro, hatua tatu kutoka mlangoni. Mimi ndiye nilikuwa mdogo pale, kwa hivyo karai lilikuwa langu.

Na sikujiona mbaya, niwe mkweli. Mtaro wenyewe ulikuwa mweusi tayari. Kuna maji ya kufulia, kuna choo cha mtu, kuna nailoni za tangu enzi za Kibaki. Karai moja ya oili ingeongeza nini?

Aprili 2024 mnaikumbuka. Nilikuwa nimekodi chumba chini ya gereji, mteremko wa kama mita mia tatu hivi, kwa sababu ni bei rahisi, na ni bei rahisi kwa sababu ndiko maji yanaelekea. Usiku mmoja niliamka miguu ikiwa imelowa. Watu walipoteza jamaa zao wiki zile, mimi nilipoteza godoro, kwa hivyo sitajifanya shujaa wa mafuriko. Lakini asubuhi maji yalipotoka, kwa ukuta kulikuwa na mstari, urefu wa goti, mweusi na unang'aa. Niliusugua na Omo mara tatu. Haukutoka. Nikakaribia nikanusa. Mtu ambaye ameshika spana siku nzima hawezi kukosea ile harufu.

Landlodi akapita akitukana watu wa gereji. Mimi nimesimama na kitambaa mkononi, nimenyamaza.

Chini zaidi, kando ya mto, kuna mathe analima sukuma. Mnajua hivyo vishamba vya kando ya mto, nusu ya sukuma tunayokula Eastlands inapitia huko na hatuulizi. Yeye ndiye nilikuwa nanunua kwake kila jioni. Nilipoenda kumjulia hali, shamba lilikuwa tope, na mashina machache yaliyosimama yalikuwa na ngozi fulani ya mafuta juu ya majani, rangi rangi kama upinde wa mvua. Akaniambia, "Hii ni ya hao watu wa magari huko juu."

Nikasema, "Eeh, mathe."

Hiyo tu. Nikaenda nyumbani na hiyo "eeh" ikinisumbua.

Ndipo nikaanza kuuliza maswali ambayo ningeuliza mapema. Kwanza, kwa nini oili inakuwa nyeusi? Nilifikiri inaisha, kama vile petroli inaisha. Haiishi. Inachafuka. Inabeba vumbi la chuma linalotoka kwa injini ikijisaga, masizi, mabaki ya petroli, maji kidogo. Ndani yake kuna madini mazito na zile kemikali zinazotokea kitu kikiungua nusu nusu, na baadhi yake zinahusishwa na saratani. Chukua mtungi wa oili ugeuze nyuma usome maandishi madogo: mingi inakuonya usiache oili iliyotumika ikae kwa ngozi. Sisi tulikuwa tunaoga nayo hadi kwenye kiwiko, halafu tunaitoa mikononi na petroli, kisha tunashika chapati.

Ikifika kwa maji inaelea na kujitandaza nyembamba sana, inazuia hewa kuingia ndani, na chochote kinachopumua huko chini kinapata shida. EPA, shirika la mazingira la Marekani, limesema kwa miaka kwamba oili ya kubadilisha mara moja kwa gari moja inaweza kuharibu galoni milioni moja ya maji safi. Mimi sikuwa nikimwaga ya gari moja.

Na huo mtaro hauishii kwa mathe. Unaingia Mto Nairobi, unapita Dandora kando ya lile jalala, unaenda Njiru, Ruai, unaingia Athi. Athi inapita Fourteen Falls, pale mlipopiga picha za graduesheni. Kisha inakata nchi nzima hadi inaitwa Galana, inaitwa Sabaki, na inaingia bahari karibu na Malindi. Sisemi karai langu lilifika Malindi. Nasema hakuna mahali pa kusimama njiani useme hapa sasa oili imeisha.

Sasa hapa ndipo posti nyingi za mazingira hunikera. Zinasema "peleka oili yako mahali panapofaa" kana kwamba kuna kibao barabarani kimeandikwa Mahali Panapofaa. Nilizunguka. Vituo vikubwa vya petroli ambavyo vinafanya servisi vina tangi lao la oili chafu, lakini ni la magari wanayohudumia wao. Nilipokuja na mtungi wa lita tano mkononi, jamaa wa pampu aliniangalia kama nimemletea mtoto. Kuna kampuni zenye leseni ya NEMA ya kusafirisha taka hatari, na zinachukua. Nikapiga simu. Swali la kwanza ni, "Una mapipa mangapi?" Nikasema lita tano. Kimya. Msee hakucheka, lakini nilimsikia akijizuia.

Na alikuwa sahihi. Lori haliwezi kuja Kariobangi kwa lita tano, mafuta litakayochoma njiani ni mengi kuliko ile litabeba. Oili chafu ina wenyewe. Inaweza kusafishwa ikawa oili tena, inaweza kuchomwa kwa tanuri za moto mkali kama za saruji badala ya mafuta mapya. Shida ni kwamba inatoka lita moja moja, kwa karai moja moja, na lita moja haina mwenyewe. Lita moja ni ya mtaro.

Kwa hivyo nikapiga hesabu, na niliacha chuo, kwa hivyo nisahihisheni. Steji yetu ina wasee 34 wa boda. Boxer inachukua lita moja na kidogo. Kwa vile wanakimbia kutwa, wengi wanabadilisha kila wiki mbili. Hiyo ni lita 34 kila wiki mbili. Pipa la kawaida ni lita 200. Linajaa kwa kama miezi mitatu. Kwa mwaka, steji moja tu, inatoa karibu lita 900. Kuna steji ngapi kati ya Kariobangi na Kayole? Nilizihesabu siku moja nikiwa kwa mat, nikaacha nikifika ishirini.

Tukaweka pipa. Si rahisi kama inavyosikika. Wiki ya kwanza mtu alimwaga humo mafuta ya breki. Mwingine akamwaga maji ya rejeta, ile kulanti ya kijani. Ukichanganya hivyo umeharibu pipa lote, anayechukua anaweza kulikataa, na gharama ya kulitoa inakurudia. Kulanti inawekwa kwa mtungi wake, na ifungwe vizuri, kwa sababu ina utamu fulani, mbwa na paka wanailamba inawaua, na mtoto pia anaweza kuionja. Usiweke chochote kati ya hivi kwa chupa ya soda. Tafadhali. Filta nazo zinageuzwa juu ya karai zilale usiku kucha zitoe matone kabla hujazitupa, utashangaa kiasi kinachobaki humo.

Tatizo kubwa likaja pipa lilipofika nusu: wanunuzi. Walikuja wenyewe, na mkokoteni, na pesa mkononi, bila kuuliza chochote. Anko alitaka kuuza, na namwelewa, maana kodi ni kodi. Lakini nilimuuliza, hii inaenda wapi? Hapa Kenya habari za oili ya transfoma inayoibwa na kuishia kwa karai za chips zimeandikwa kwa miaka. Kuna oili feki pia, iliyochujwa kwa kitambaa ikarudishwa kwa mtungi wenye lebo nzuri, na kesho inauziwa msee wa Boxer kama mpya. Mtu asiyetaka kukuandikia hata risiti hataki ujue. Msafirishaji mwenye leseni anakuja na karatasi inayoonyesha taka imetoka wapi na inaenda wapi. Analipa kidogo kuliko wa mkokoteni. Anko bado ananitajia ile tofauti kila tukigombana.

Kitu kingine kinachoniuma: sheria ya kusimamia taka ya 2022 inasema anayeleta bidhaa sokoni awajibike nayo mpaka mwisho wake. Basi mbona duka linaloniuzia mtungi wa oili halina karai la kuirudisha? Kila mtungi unaouzwa mtaani utakuwa oili chafu baada ya wiki mbili, hakuna siri hapo. Kanjo wanajua kutoza gereji pesa ya leseni kila mwaka. Pipa moja kwa kila wodi lingewashinda?

Pipa letu la kwanza lilichukuliwa. La pili limefika robo. Jumamosi iliyopita nilikuwa nalifunika, kwa sababu mvua ikiingia inabidi uanze kulia upya, nikamwona mathe wa sukuma anakuja na kikopo cha rangi. Anajenga kibanda kipya, anataka oili ya kupaka nguzo, mchwa wamemmalizia za kwanza. Nguzo zenyewe zitasimama ndani ya lile lile shamba.

Nikamwambia, "Mathe, hii siwezi kukupa."

Akauliza kwa nini, na si tulikuwa tunawapa watu bure. Nikamwambia kilichomo. Nikamwambia itateremka kwa udongo, ifike kwa mizizi. Halafu, kwa sababu alikuwa bado ananiangalia, nikamwambia ile ya Aprili ilitoka hapa, na aliyekuwa anamwaga ni mimi.

Aliangalia pipa, akaangalia mtaro, akaangalia kikopo chake. Akasema, "Na ulikula hiyo sukuma?"

Nikasema nilikula.

"Basi nitafutie dawa ya mchwa," akasema, na akaniachia kikopo.