Mgeni Wetu wa Agosti 27

Mwaka jana mwezi wa nane nilikuwa kwa hosteli nikitengeneza video ya Siku ya Katiba. Nilitaka kitu kifupi cha kutia watu moyo: Uhuru Park, Agosti 27, 2010, Kibaki anatia sahihi, mizinga inalia, umati unashangilia. Siku hiyo mimi nilikuwa darasa la pili, na nakumbuka mama akipangusa machozi mbele ya TV. Kwetu hiyo ilikuwa siku ya furaha, basi.

Rafiki yangu ambaye tunasoma naye alikuwa nyuma yangu akinywa chai. Akaniambia, "Hebu rudisha nyuma kidogo. Simamisha hapo." Nikasimamisha. Kwa viti vya wageni waheshimiwa kuna mzee ameketi, ametulia tu.

"Unamjua huyo?"

Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kumwangalia.

"Ni Omar al-Bashir. Mimi nilizaliwa kambini Chad juu yake."

Wasee, ile video sikuiweka siku hiyo. Nilienda kusoma kwanza, na hii ndio stori hakuna mtu alinifunza shuleni.

Mahakama ya ICC ilikuwa imetoa waranti ya kumkamata Bashir Machi 2009, kwa madai ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu huko Darfur. Julai 2010 ikaongeza ya pili, ya mauaji ya halaiki. Hata miezi miwili haikuisha, mgeni akawa Nairobi. Na Kenya si kwamba ilikuwa inasikia hizo habari kwa majirani. Tulijiunga na mkataba wa ICC mwaka 2005, tukatunga Sheria ya Makosa ya Kimataifa mwaka 2008. Alafu ile Katiba yenyewe iliyokuwa inasherehekewa, kifungu cha 2(6), inasema mkataba ambao Kenya imeidhinisha ni sehemu ya sheria ya Kenya. Yaani tulivunja sheria mpya siku ile ile ilianza kazi. Wino haukuwa umekauka.

Serikali ilijitetea. Ati Umoja wa Afrika ulikuwa umeambia nchi wanachama zisishirikiane na ICC kumkamata. Ati Sudan ni jirani, na kura ya maoni ya Sudan Kusini ilikuwa inakaribia Januari 2011, kwa hivyo tusivuruge amani. Hiyo ya amani naichukulia kwa uzito, sitaidharau. Lakini kuongea na mtu kuhusu amani ni tofauti na kumpa kiti cha heshima kwa sherehe yako. Pale Uhuru Park hakukuwa na mazungumzo. Kulikuwa na gwaride.

Kuna wale watasema ICC inaonea Waafrika tu. Hiyo hasira naielewa. Putin alienda Mongolia Septemba 2024 akiwa na waranti, akarudi nyumbani sawa tu. Netanyahu akapokelewa Hungary Aprili 2025, pia akiwa na waranti. Wakubwa wanalindana kila mahali. Lakini sasa kama wengine wanakataa kufuata sheria, sisi tunapata nini tukikataa pia? Yule aliyechomewa kijiji Darfur ni Mwafrika. Naye tunamlinda lini?

Na tafadhali, waranti si hukumu. Sisemi Bashir ana hatia, kwa sababu kesi yake haijawahi kusikizwa. Shida yangu ndiyo hiyo. Mwizi wa kuku hapa Kenya analala ndani akingoja jaji. Anayeshukiwa kuua maelfu anatandikiwa zulia.

Kuna kitu kilinipa moyo lakini. Shirika la ICJ Kenya lilienda kortini, na Novemba 2011 Jaji Nicholas Ombija wa Mahakama Kuu akaagiza Bashir akamatwe akikanyaga hapa tena. Sudan ilikasirika hadi ikaambia balozi wetu aondoke. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ikasema Kenya ilikuwa na wajibu wa kumkamata. Ilichelewa, ndio, lakini iliandikwa, na ni majaji wetu waliiandika, si wazungu.

Bashir alipinduliwa na jeshi lake Aprili 2019, na mpaka leo hajafika The Hague. Kamanda mmoja wa Janjaweed, Ali Kushayb, alipatikana na hatia huko mwaka 2025. Darfur nayo inawaka tena tangu 2023, na RSF, kundi lililotokana na hao Janjaweed, Februari 2025 lilikuwa hapa KICC na washirika wake, wakipanga serikali yao. Kisheria hiyo si kesi sawa na ya Bashir. Lakini rafiki yangu alipita mjini wiki hiyo akaniuliza, "Kwani nyinyi mnapenda wageni aina gani?" Sikuwa na jibu.

Video niliimaliza baadaye, na ile sehemu ya viti sikuikata. Siku ingine ukisikia kiongozi mwenye waranti anatua JKIA, usingoje miaka minane korti ikuambie. Uliza mapema, uliza kwa sauti: polisi wako wapi?